Mama Orysia Hnatiuk, Aliyetuzungusha Uwanja wa Barafu

Mama, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, Februari ile ya baridi kali, ardhi ya hapa Saskatchewan, Kanada, ikiwa ngumu hata kaburi lako likachimbwa kwa mashine. Tunajua ungesema tumechelewa kukuandikia.

Ulikuwa na miaka hamsini na moja daktari alipokuonya kuhusu presha na moyo wako. Ulirudi nyumbani ukazitazama pirohi zako, vile vitumbua vya viazi vya Kiukraina vilivyojaa siagi, kama mtu anayeagana na ndugu anayesafiri.

"Nusu saa ya kutembea haraka, siku tano kwa wiki," ukamwambia Baba.

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Wewe? Ijumaa huioni!"

Uliiona, na nyingine nyingi. Kwa kuwa nje pua ingeganda, ulitembea ndani ya uwanja wa barafu wenye paa, nyuma ya viti vya watazamaji, umevaa viatu vya Baba. Presha ilipoanza kushuka, ukawaandama wanawake wote wa parokia. Mdogo wako Stefa alijificha stoo, kwenye mitungi ya kabichi iliyochachushwa.

"Stefa, nakusikia unavyohema! Toka!"

Uliwafundisha hivi: "Ukiweza kuimba, unatambaa. Ukishindwa kuongea, unajiua. Mwendo mzuri ni ule wa kusengenya."

Asubuhi moja Mama Mdogo Stefa alikuwa akisimulia ugomvi wa mke wa padri, maana mapadri wetu wa Kiukraina huoa, na kiongozi wa kwaya. Akafika patamu, akanyamaza.

"Halafu?" ukauliza.

"Twende tu, dada."

Ukasimama hapo hapo. "Stefa hajawahi kuacha umbea njiani. Leteni gari!"

Alibisha njia nzima kwamba ni gesi ya kabichi. Hospitali wakakuta mshipa wa moyo umekaribia kuziba kabisa. Wakauzibua. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Sasa dada, yule mke wa padri..." Ukatoka nje, ukalia, umekumbatia buti zake. Hatukuwahi kukuona ukilia kabla ya hapo.

Wewe hukuchukuliwa na moyo, Mama, ulichukuliwa na saratani. Nesi alisema moyo wako ulipiga sawasawa mpaka dakika za mwisho, vingine vyote vikiwa vimeshaaga.

Baba alianza kwenda uwanjani mwezi wa nne. Siku ya kwanza alizunguka mara moja, akakaa kwenye kiti akalia, na wale wanawake wakamsubiri. Sasa anazunguka mara sita. Anasema anapita tu kukutafuta. Hatumwambii kwamba hayo ni mazoezi.

Ibada ya kukukumbuka ni Jumapili hii. Baada ya hapo tutazunguka uwanja mara tatu, basi njooni na raba.

Unakumbukwa na mumeo Metro, wanao Darka na Yaroslav, mdogo wako Stefa, wajukuu zako watano, na wanawake kumi na mmoja wa uwanjani. Hatutakusahau, Mama, maadamu tunapumua.