Suruali ya Mguu Mmoja Mpana

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa jambo la wizi. Jumamosi iliyopita asubuhi nilipoteza kiti changu cha kazi, na aliyekichukua namjua vizuri, nimemuoa.

Mimi ni fundi wa suruali. Sikurithi cherehani wala sikupewa mtaji na mtu, nilianza kwa kupunguzia watu mapindo kwa sindano ya mkono, leo nina kibanda cha matofali, meza ya kukatia, pasi mbili na jina, na vyote hivyo nimevipata nikiwa nimekaa. Zamani cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga, miguu inapanda na kushuka kutwa nzima kama mtu anayekimbia bila kufika, nikaona huu ni upotevu wa nguvu chini ya meza, nikafunga mota. Sasa mguu wa kulia unagusa swichi kidogo tu, na wa kushoto hauna kazi yoyote, umekaa pale kama mkurugenzi. Maji sinywi mpaka jioni kwa sababu maji ni choo, na choo kiko nyuma ya nyumba, na kila nikiinuka uzi unakatika na mawazo yanakatika nao. Kwa utaratibu huo nashona suruali mbili pale ambapo wenzangu wanashona moja na robo, nimepiga hesabu, si majigambo.

Mwezi uliopita nilipasuliwa ngiri. Daktari akaniambia niwe naamka kitandani natembea tembea, nikamwambia, daktari, mimi ni mtu wa kazi, si mtalii, nikarudi kitini mwangu. Kidonda kilipofunga nikapanda basi kwenda kununua vitambaa mji wa mbali, kutwa na usiku kucha, nikarudi vivyo hivyo na jora la kitambaa katikati ya magoti nisiibiwe, sikushuka hata basi liliposimama, kwani ningeshuka nalo vipi?

Basi, baada ya safari hiyo suruali yangu ikaanza kunibana mguu wa kushoto. Mtu mwingine angepiga mayowe. Mimi nilichukua tepu nikapima shavu la mguu: kulia inchi kumi na tano, kushoto kumi na saba kasoro robo. Sasa hapa ndipo watu wanapokimbilia kusema wa kushoto umevimba. Kwa hesabu gani? Tofauti ya vitu viwili haikuambii ni kipi kilichosogea. Inawezekana kabisa wa kulia ndio umekonda, maana ndio unaofanya kazi. Kwa hiyo nilifanya anachofanya fundi yeyote mwenye akili, nikafumua mshono, nikatoa akiba ya kitambaa iliyokuwa ndani, nikaupanua mguu wa kushoto wa suruali. Ikakaa vizuri. Ikabana tena, nikaunga kipande. Ikabana, nikaunga kingine.

Kinyozi wa jirani akanikuta nimesimama mlangoni. Akanizunguka.

"Fundi, huu ndio mtindo?"

"Ndio huu."

"Na mimi nishonee. Wa kushoto upepee hivyo hivyo, wa kulia unishike."

Mshauri, sikumdanganya, ni yeye aliyeuliza. Kinyozi ana vinywa vingi kitini pake, na kabla sijakaa sawa bwana harusi mmoja ameleta wasimamizi wake wote, halafu kwaya ya wanaume imetuma vipimo, na sasa katika kila suruali kumi ninazokata, sita ni za mguu mmoja mpana. Na kila anayekuja anataka kuona sampuli kwanza. Sampuli ni mimi.

Mke wangu hana jicho la biashara. Yeye anasema mguu una joto. Ni kweli una joto, sibishi, nikinyeshewa na mvua suruali inakauka upande wa kushoto kwanza, na paka wa jirani siku hizi anaacha jua anakuja kulala juu ya mguu huo, lakini tangu lini joto likawa ugonjwa? Anasema una wekundu. Anasema nikisimama nauma meno. Jumamosi akaja mbele ya cherehani akiwa ameshika kiuno.

"Baba watoto, inuka."

"Niinuke niende wapi?"

"Popote. Inuka tu, damu itembee."

"Damu yangu haina safari."

Nikainuka kidogo nimpishe achukue mkasi uliokuwa nyuma yangu, kumbe hakutaka mkasi, alitaka kiti. Akakibeba kichwani mchana kweupe, mtaa mzima unaona, akakipeleka kwa mama yake kule mwisho wa barabara. Aliporudi akasema, "Kiti kiko kwa mama. Ukikitaka, kifuate kwa miguu. Kila siku utakifuata." Nimemtuma mwenye mkokoteni akanichukulie, mama mkwe amekikalia, anasema hainuki. Badala yake ameniletea salamu kwamba atakuja mwenyewe na mafuta ya moto, aukande mguu mpaka ulainike. Kwa sasa nimekaa juu ya majora ya vitambaa, na mguu nimeufunga lastiki pana ya kiunoni chini ya goti ili usizidi, kwa sababu ukizidi tena itabidi nibadilishe vipimo vya kwaya nzima.

Yeye na mama yake wanaongeza na habari ya baba yangu mdogo, ambaye naye mguu ulimvimba baada ya kulala kitandani muda mrefu, akaanguka ghafla akitoka kuoga, akafa palepale. Mtaani kwetu walisema ni kijicho cha majirani. Mimi sina majirani wa aina hiyo, mmoja tu ndiye kinyozi, na yeye ni mteja.

Juzi nilipanda ngazi kupeleka nguo ya bwana harusi, nikafika juu pumzi imekata, kifua kinachoma upande nikivuta hewa. Hilo nalaumu ngazi, zimejengwa vibaya, kila kidato kina urefu wake.

Sasa nijibu gazetini, wazi, bila kuzungukazunguka: kiti ni changu au ni cha mke wangu?

Mimi, Fundi Niliyenyang'anywa Kiti.

*

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu fundi, barua yako niliisoma nikicheka mpaka nilipofika kwenye zile ngazi. Hapo niliiweka chini nikachukua simu, nikapiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha. Alipokea mke wako.

"Fundi yupo?"

"Yupo, lakini hawezi kuja kwenye simu. Amesimama juu ya meza."

"Anafanya nini juu ya meza?"

"Kwaya imekuja kumtazama mguu."

Nikamwuliza kama unapumua vizuri. Akasema unapumua kama mtu aliyetoka kugombana, lakini ndivyo ulivyo siku zote. Nikamwambia, dada yangu, mteremshe, tafuta gari, mwende hospitali sasa hivi. Nikamsikia akikuita. Na wewe nikakusikia kwa masikio yangu: "Mwambie aandike gazetini! Mimi siamini maneno ya simu!"

Haya. Nimeandika. Mhariri ametoa tangazo zima la mabati ili nipate nafasi katika toleo hili, basi soma, na usome ukiwa garini.

Kwa dalili ulizozitaja, nina hofu kwamba una donge la damu kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Mimi si daktari, ila nilimsomea daktari barua yako, na hakungoja nimalize. Damu inashuka mguuni bila shida, lakini kurudi juu inahitaji msaada, na msaada wake ni misuli ya lile shavu la mguu, inayoikamua kila unapokanyaga. Wewe uliona miguu inayokanyaga ni upotevu wa nguvu. Kumbe ulikuwa na pampu bora kuliko ya kisima, ukaizima, ukafunga mota. Damu iliyosimama inaanza kuganda, na wewe uliisaidia kwa kila njia: umekaa kutwa, hunywi maji, umepasuliwa ukakataa kutembea, ukapanda basi kutwa na usiku umebana jora magotini. Na damu ya ukoo wako huenda ina tabia hiyo. Baba yako mdogo, Mungu amrehemu, sidhani kama aliuawa na jirani yeyote. Inaelekea donge lilitoka mguuni, likapanda na damu mpaka mapafuni, likaziba njia. Huenda na lako limeanza safari hiyo, ndiyo maana pumzi yako ilikata. Ngazi hazina kosa, fundi. Waache mafundi ujenzi wa watu.

Kuhusu hesabu yako ya mguu upi umesogea, nakupa heshima yako, imenifurahisha. Lakini miguu miwili ya mtu mmoja ikipishana inchi moja na robo tu, daktari tayari anainua nyusi. Wewe una karibu mbili, tena mguu wenyewe una joto, wekundu na maumivu. Mguu wa kulia haujakonda. Ungekuwa umekonda, paka angehamia huko?

Kata hiyo lastiki sasa hivi, hata kabla ya kufika mwisho wa aya hii. Umeufunga mto chini halafu unashangaa maji yamejaa juu. Zipo soksi maalumu za kubana mguu, ndiyo, lakini zinapimwa na mtaalamu na kuvaliwa kwa ruhusa yake, si mkanda wa suruali.

Mama mkwe, shikamoo. Najua nia yako ni njema. Mafuta yaache yapoe, na mkono wako usiuguse mguu huo kabisa. Kuukanda kunaweza kulisukuma donge likaondoka lilipo, na likiondoka linajua njia ya kwenda kifuani. Endelea tu kukikalia kiti, hapo umefanya kazi nzuri.

Na wewe dada uliyebeba kiti kichwani, nusu ya haki ni yako. Kumwinua mtu aliyekaa mno ni jambo jema, ungelifanya miezi mitatu iliyopita ningekutungia shairi. Lakini mguu ukishavimba na pumzi ikishakata, kumtembeza mpaka mwisho wa barabara si tiba. Hapo ni gari, na mapokezi ya dharura, na kusema kwa sauti: "Mguu mmoja umevimba, alipasuliwa mwezi uliopita, amesafiri mbali, na sasa anapungukiwa na pumzi." Ukisema hivyo hawatamweka kwenye foleni ya mafua.

Huko watakuuliza maswali, fundi, wajibu bila kujitetea. Watautazama mguu kwa altrasaundi, inayoonyesha kama damu inapita, na haiumi. Kwa kifua, huenda wakapiga picha ya mapafu. Kipo pia kipimo cha damu, lakini kwa mtu mwenye dalili nyingi kama zako kikitoka salama bado hakitoshi, kwa hiyo usikikumbatie ukarudi nyumbani. Wakilikuta donge, utapewa dawa za kuizuia damu isiendelee kuganda, na utazitumia kwa miezi, si mpaka siku suruali itakapokutosha. Ukiona unatoka damu ovyo, unarudi kwao. Ukikohoa damu, ukizimia, au kifua kikibana tena, hata kama ni leo njiani, usingoje kitu.

Wasomaji wengine mnaomcheka, wengi wenu mnanisoma mmekaa. Wanaokaa saa nyingi kazini au safarini, waliofungwa plasta ngumu mguuni, wajawazito na waliojifungua karibuni, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni, wavuta sigara, wenye unene uliopitiliza, wanaotibiwa saratani: ninyi nyote si wagonjwa, lakini mnahitaji kulijua jambo hili na kumwuliza daktari kabla ya upasuaji au safari ndefu. Inukeni mara kwa mara. Mkishindwa kuinuka, chezesheni vifundo vya miguu, visigino juu, vidole juu. Kunyweni maji, na choo mkiendee kwa furaha, ni matembezi hayo.

Bwana harusi na kwaya, mtindo mnaoufurahia ni ugonjwa wa mtu. Shoneni mkipenda, sina ugomvi na nguo, lakini msimpandishe tena mezani. Mna sauti nzito za kutosha hapo, basi na mikono itakuwepo: mbebeni mpaka kwenye gari, na yeyote kati yenu ambaye suruali hiyo inamkaa sawasawa bila kupwaya upande wa kushoto, apande gari hilohilo.

Sasa fundi, uliniuliza bila kuzungukazunguka nami nakujibu hivyohivyo: kiti ni chako. Hakuna atakayebisha. Lakini kuna mke ambaye alikubali kuonekana kichaa mbele ya mtaa mzima ili usimwache mjane, na huyo hatapata mwingine wa kumsumbua namna yako.

Gazeti hili linafika mtaani kwenu alfajiri. Simu yangu ipo wazi, namba unayo. Leo, kabla ya saa sita mchana, nataka sauti yako mwenyewe, si ya kinyozi wala ya kwaya, na nataka neno moja tu: umepimwa, au hujapimwa?