Dada, Mto Umefika Futi Ngapi?

Dada Mghoi, wewe uliyekuwa ukinipigia simu kutoka jana,

Asubuhi hii nimekaa kwenye benchi la stesheni ya Rooty Hill, palepale karibu na ngazi, na simu iko mkononi ingawa najua haitalia. Saa moja imefika, ikapita. Treni yangu imekuja, ikaondoka bila mimi. Leo siendi kazini. Nimekuja kwa sababu hapa ndipo nilipozoea kukusikia, na leo ni siku ya tisa tangu ufariki. Basi nimeona nikuandikie hapahapa, katika baridi hii ya Sydney isiyo na adabu.

Miaka sita, dada. Kwako saa kumi alasiri, kwangu saa moja asubuhi ya siku inayofuata. Neema wangu akiona jina lako kwenye simu hupaza sauti nyumba nzima: "Mum, it's Aunty, calling from yesterday!" Yaani mama mkubwa anapiga simu kutoka jana. Nawe hukuwa na salamu kama watu wengine. Ulianza na mto. "Kumi na mbili na nusu, na unashuka." Mwanzoni nilidhani unanitajia dawa za wazee uliokuwa ukiwauguza. Nikakuuliza kumi na mbili ya nini. Ukacheka mpaka ukakohoa.

"Futi, Wakesho. Maji. Mississippi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kijimji chako bila viza. Mtaa mmoja, kanisa moja, tuta refu la kuzuia mafuriko, na nyuma ya tuta ule mto mpana uliosema unatembea polepole kama mtu aliyeshiba. Ndani ya maji kuna nguzo yenye alama za futi. Mzee Walter aliisoma nguzo hiyo kila siku tangu ujana wake, na macho yalipomwishia alikuita wewe, nesi mgeni kutoka milima ya Taita, akakukabidhi kazi. Kila alasiri ulipanda tuta, ukasoma maji, ukaandika namba kwa chaki kwenye ubao ulio nje ya mkahawa wa Dolores, ili watu wote wajue mto umeshindaje. Halafu ukanipigia mimi. Mimi na mto wenu wapi na wapi! Lakini siku usipopiga nilishinda kazini, kwenye nyumba ya wazee kule Blacktown, nikiwakosea wazee sukari kwenye chai.

Nilikutania sana. Nikasema umerogwa, mtu gani anakwenda Marekani halafu anakaa mahali ambapo hata taa za barabarani hakuna? Ukanijibu kwa kunisimulia habari za Roy wa pantoni. Siku yako ya kwanza kuvuka, pantoni ilipofika katikati ulikaa chini sakafuni, ukafumba macho, ukakataa kusimama. Roy alizima injini. Akaja akakaa sakafuni kando yako, na suruali yake yenye grisi, huku magari mawili yakingoja. Mpaka uliposema, "Sasa naweza," ndipo akawasha tena. Tangu siku hiyo ulivuka kila Jumamosi hata kama huna safari ng'ambo.

Na Dolores! Yule aliyekuwa na unga wa mahindi wa kukaangia kambare, ukamwonyesha unga huo una kazi nyingine. Alipika ugali wa kwanza ukawa uji, wa pili ukawa jiwe. Wa tatu wakaula wote. Ikawa kila Jumatano ni ugali na kambare, na ile siku wakaiita Jumatano ya Mghoi. Mzee Walter aliuomba wa kwenda nao nyumbani. Nilikuwa nasikia vijiko vyao kwenye simu, nasikia mlango wa mkahawa ukilia, nami nimesimama hapa kwenye baridi, natabasamu peke yangu mpaka watu wa treni wananitazama. Mara nyingine treni ikipita Doonside nilifumba macho, na madirishani hakukuwa na nyumba tena. Kulikuwa na maji tu, ya kahawia, yakienda taratibu, na wewe juu ya tuta na koti lako jekundu.

Uliniita nije. Kila mwaka uliniita. Mimi kila mwaka nilikuwa na zamu, nilikuwa na shule ya Neema, nilikuwa na mwakani. Hilo linaniuma, na sitalifunika.

Lakini kuna lingine linaloniuma zaidi. Pasaka iliyopita, baada ya kunitajia namba, ulisema kama mtu anayeagiza chumvi: "Wakesho, mimi nikianguka, mniache hapa. Juu ya tuta kuna makaburi, mto unaonekana. Usimwambie mama sasa, atafikiri nimemkataa."

Nikasema, "Acha uchuro!" Nikahamia habari za mvua.

Kisha siku ile ubao ukabaki na namba ya jana. Mzee Walter haoni ubao, lakini kila alasiri humuuliza Dolores umeandikwa nini. Dolores akamwambia, "Bado ya jana." Walter akasema hilo haliwezekani. Roy ndiye aliyekwenda nyumbani kwako, akakukuta kitandani, umelala kama mtu aliyechoka. Moyo, walisema. Dolores akanipigia, akalia, akanitajia namba ya mwisho uliyoiandika. Futi kumi na tisa.

Jumamosi familia ilikutana kwenye simu. Baba mdogo Mwakio akasema neno lake: "Mtu wetu hazikwi na wageni. Mwili uje, alale kando ya baba yake." Kila mtu akaitikia. Mama alikuwa akilia. Wakaniuliza, "Wakesho, una neno?" Na mimi, niliyekuwa na neno peke yangu katika dunia nzima, nikasema sina.

Siku tatu, dada. Nilikusaliti siku tatu. Niliogopa kumvunja mama moyo, niliogopa ukoo useme nimelitunga. Siku ya nne nikampigia mama, yeye tu.

"Alisema lini?"

"Pasaka, mama."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Akavuta pumzi. "Hana mtoto huko, hana mume. Nani atampalilia kaburi?"

Nikasema Dolores. Nikaeleza Dolores ni nani.

"Na nani atamlilia?"

Hapo nikafunguka. Nikamweleza habari za Walter na macho yake, za Roy aliyekaa sakafuni, za Jumatano yako, za mafuriko yale mlipopanga mstari mkipokezana magunia ya mchanga mpaka mvua ikakata tamaa. Niliwataja watu nisiowahi kuwaona hata siku moja, kama ninavyotaja majirani wetu wa nyumbani Wundanyi. Sijui nilisema muda gani.

"Kumbe mwanangu ana kwao," akasema mama nilipomaliza.

Kisha, kwa ile sauti yake ya kumaliza kesi: "Mwakio niachie mimi. Na huo mto, sasa nani anausoma?"

"Hakuna, mama."

"Basi nenda ukausome. Uniambie umefika wapi. Hata kama huku ni usiku wa manane, nipigie, nitakuwa macho."

Nasafiri kesho, dada. Ndege inaondoka Sydney asubuhi, na kwa hesabu zao za ajabu itatua Marekani asubuhi hiyohiyo, mapema kuliko saa niliyoondoka. Nitafika kabla sijaondoka. Miaka sita nilikucheka kwamba unaishi jana, na sasa nakuja huko mwenyewe, nimechelewa kuliko mtu yeyote aliyewahi kuchelewa.

Mazishi ni Jumamosi. Roy amesema atanivusha, na nikiogopa atazima injini. Dolores amesema ubao haujafutwa. Kumi na tisa yako bado ipo, ameifunika kwa nailoni isiguswe na mvua, na hakuna atakayeigusa mpaka nifike.

Nitakuja na kitambaa, dada. Saa kumi alasiri nitapanda tuta, nisome maji, nishuke niifute namba yako kwa mkono wangu, niandike ya siku hiyo. Kisha nitampigia mama, na sitaanza na salamu.

Mdogo wako aliyechelewa,
Wakesho