Kazi Bola na Waleti ya Injinia

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeitwa mwizi. Saa nne asubuhi, kibandani kwangu hapa stendi ya Buzuruga, abiria wanashuka kwenye mabasi na kusimama kutazama. Mimi Nurudin! Babu yangu kashona viatu mji huu, baba kashona, hakuna aliyewahi kupoteza hata kisigino cha mtu.

Huyu ni Injinia Kahigwa, yule wa Buswelu mwenye nyumba ya vioo. Wiki mbili zilizopita aliniletea waleti yake ya kifahari, uzi umeachia pembeni. Ya Italia, akasema. Milioni mbili na nusu, mke wake alimnunulia Dubai. Nishone kwa adabu maana anataka kuiuza. Akanipa na somo: hizi waleti hazishuki bei kama vitu vyenu hivi, unatembea nayo miaka miwili na bado milioni mbili yako iko palepale. Kuna dalali Dar, anaitwa Pius, anazinunua. Nikashona. Elfu tano — na akaomba nipunguze!

Leo karudi anafoka. Pius kaikagua, kasema ni feki, haitoi hata elfu thelathini. Basi mwizi ni mimi. Nimeibadilisha. Orijino yake iko wapi? Nikamwambia, Injinia, ulichonipa ndicho nilichokurudishia. Hakusikia. Akainua macho kwenye kibao changu, akakisoma kwa sauti ili wote wapate. NURUDIN FUNDI VIATU NA MIKOBA. KAZI BOLA.

Bola! akasema. Mtu hajui hata kuandika bora, na ndiye niliyemkabidhi mali yangu.

Watu walicheka. Hata Josephat wa vocha, jirani yangu, nilimwona akigeuka pembeni mabega yanatikisika. Miaka saba kile kibao kiko pale na sikuwahi kuliona kosa lake.

Atalipa. Wallahi huyu mtu atalipa.

Jumanne, 5 Agosti

Wateja watatu wamekuja kuchukua viatu vyao. Havijashonwa! Mmoja kasema anasafiri ghafla. Na viatu vyenyewe ni vya kwendea kanisani.

Nilimwita Ngosha, aliyeandika kibao. Alikitazama muda mrefu, kichwa upande.

"Sasa kaka, shida iko wapi? Kazi bola. Si ndivyo inavyosemwa?"

Nilishindwa hata kumgombeza. Kasema atanifutia bure, aandike ninachotaka. Nimemwambia akiache. Kikae hivyo hivyo mpaka Injinia aje kukiomba radhi.

Mke wangu Mwanaheri anasema nipuuze, hasira itaniua. Chakula kimenishinda leo.

Jumatano, 6 Agosti

NIMEMPATA!

Kila kazi ninayopokea naipiga picha kabla sijaigusa, tangu mwaka ule mama mmoja aliponisingizia nimemchubulia mkoba. Nimetafuta kwenye simu asubuhi nzima. Ipo. Tarehe 21 Julai. Mkono wa Injinia, pete yake nene ya ndoa, waleti imefunguliwa, uzi umening'inia. Nikaivuta ikawa kubwa. Jina lililogongwa ndani ya ngozi: V-E-L-O-R-A-N-I.

Nikaingia mtandaoni. Ile ya kweli inaandikwa V-E-R-O-L-A-N-I. Inatangulia R, L inafuata. Yake imegeuzwa!

Kwa hiyo ilitoka kwake ikiwa feki. Mtu kaibeba mfukoni miaka miwili, kila akiitaja ulimi unaangukia upande wake — mara Verolani, mara Velorani, siku ile alisema hata Verorani — na hakuwahi kutazama herufi. Halafu akanicheka mimi bola yangu! Nimecheka peke yangu mpaka Mwanaheri akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Na mambo yanakuja yenyewe. Injinia kanishtaki kwa mwenyekiti wa mtaa, Mama Wilhelmina. Tumeitwa Jumanne ijayo. Safi sana. Wawepo wengi. Nitamwambia, Injinia, hebu tusomee hapa, herufi moja moja. Nimejaribu mbele ya kioo jinsi nitakavyosema. Taratibu, bila kupandisha sauti.

Nimemwonyesha Josephat ile picha. Mdomo wake naujua, na ndiyo sababu nimemwonyesha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu, stendi imepoa. Nimetoka msikitini nikamkuta mwanamke ameketi kwenye kigoda cha wateja. Felicitas, mke wa Injinia. Watu wanamwita Mama Nice.

"Kaka Nurudin, nimesikia una picha."

Nikasema ninayo. Akamwaga yote. Ile waleti aliinunua Dubai kweli, lakini kwa mtu wa barabarani, elfu sabini. Iliyobaki katika ile milioni mbili na nusu aliyopewa na mumewe ilimfanyia upasuaji kaka yake, Antoni. Injinia alikuwa ameshakataa kusaidia. Alisema hakuoa ukoo mzima. Sasa Antoni mzima, analima Kisesa.

"Siku akijua, kaka, narudi Bukoba na begi moja. Watoto haniachii."

Nikamwambia amweleze mumewe mwenyewe kabla ya Jumanne. Akasema hawezi. Nikamuuliza, na mimi? Mimi niendelee kuitwa mwizi mpaka lini? Alikuwa akitazama soli za viatu vya watu.

Akaacha kifungu cha kahawa ya kutafuna, kama wanavyopeana kwao. Nimempa Josephat. Sitaki kutafuna kitu chao chochote.

Lakini nimekumbuka Antoni siku nzima, mtu nisiyemjua hata sura. Inaniudhi.

Jumapili, 10 Agosti

Josephat katoka kanisani na habari. Injinia kawaambia watu wa jumuiya yao wasinipe viatu wala mikoba, mimi ni mtu wa kubadilisha vitu. Kasema hivyo mbele ya mkewe. Mkewe kainamisha kichwa, hakusema kitu!

Basi. Huruma yangu imeishia hapo. Nimekwenda kuichapisha ile picha kubwa, karatasi nzima. Pete inaonekana, tarehe inaonekana, herufi zote nane zinaonekana.

Jumanne, 12 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwenyekiti. Picha iko kwenye bahasha, ndani ya mfuko wangu. Sijaitoa bado. Nilitaka aanze yeye, aape kwanza.

Kaapa. Kasema mkewe hajawahi kumdanganya hata shilingi moja. Nilitamani kumpigia makofi.

Mama Wilhelmina si wa mchezo. Waleti kaifungia kwenye bahasha mezani. Simu ya Injinia nayo kaiweka pale, kwa ajili ya ujumbe wa Pius. Kampa Injinia karatasi: andika jina la waleti uliyompa fundi, kama lilivyoandikwa ndani yake, utie saini, kisha nitalilinganisha na hii. Kisha akatutoa nje, akabaki na Mama Nice peke yake.

Dirisha liko wazi. Nimemsikia. Kasema niliyonunua mimi ilikuwa orijino, mwenyekiti, mengine anayajua fundi.

Anayajua fundi! Nimeshika bahasha yangu mpaka imekunjika. Na nilikuwa nimeanza kumwonea huruma.

Injinia ameketi karibu yangu, karatasi tupu mapajani, kalamu mkononi. Sasa kaniinamia.

"Fundi. Hivi lile jina… inatangulia L au R?"

Nimemtazama nikidhani ananitania. Hatanii. Ana jasho kwenye paji la uso.

Nikimwambia L, atakuwa ametia saini kwa mkono wake kwamba waleti aliyonipa ni hiyohiyo iliyoko mezani. Kesi imekwisha. Mimi si mwizi, Injinia atamlaumu Pius, na hakuna atakayemuuliza Mama Nice kitu. Nikimwambia R, atakuwa ameandika ile ya kweli, haitalingana na iliyoko mezani, nami nitaitoa picha. Nyumba ile ya vioo nitaivunja leo hii mbele ya mtaa mzima. Ndicho nilichokuja kufanya. Nimekifanyia mazoezi mbele ya kioo!

Ndani Mama Nice anapenga kamasi. Mwenyekiti anamuuliza kitu, anapenga tena.

Injinia kanisogezea karatasi. Niandikie wewe, kasema, bila kunitazama usoni. Mimi! Fundi wa bola!

Nimeichukua. Nimeandika V. Nimeandika E. Kisha nikamwambia asubiri kidogo, kuna mstari wangu namalizia kwenye daftari.

Anasubiri.