Baridi ya Okwakol

Nerima, hutaamini jirani yangu Okwakol amefanya nini hapa Malaba leo!

Unajua bibi yake, Apeduno, alirudi kwao Amagoro juu nyumba ya mabati ilikuwa inapika mtoto. Basi Okwakol akauza pikipiki, akaweka sponji ya kuzuia joto juu ya siling'i. Fundi akamwambia atoboe na matundu ya hewa. Yeye: "Hiyo ni gharama ya bure!" Akafunga hata madirisha, ati baridi isitoroke. Isitoroke!

Leo wakwe wamekuja na Apeduno na mtoto kukagua nyumba. Baba mkwe amelowa jasho, koti mkononi. "Kijana, umevalisha nyumba blanketi na sisi tuko ndani?"

Okwakol: "Ngojeni mzee, baridi inakuja." Inakuja kutoka wapi?

Apeduno akabeba mtoto wake. "Ukishafungua madirisha, nipigie."