Rangi ya mpira kwenye pikapu ya baba

Shoga, nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Si nilikwambia nataka kupaka ile rangi ya mpira kwenye sakafu ya bodi ya pikapu ya baba, kule nyuma, isiendelee kuliwa na kutu? Leo nimepaka mwenyewe, ikatoka nyeusi ti, nikamwita aje aone.

Akachungulia. Halafu akauliza, "Na pale mama yako alipoandika?"

Shoga!! Jina la baba! Marehemu mama alilichora kwa msumari siku waliponunua gari. Utotoni nimelikalia kila safari, leo nikalisahau!

Nikamwambia, "Baba, nitaibandua."

"Chini yake kumebaki nini?"

Nilishapiga msasa, shoga. Nilisugua mpaka bati likang'aa, ili rangi ishike.

Akasema tu, "Ahsante mwanangu, umejitahidi," akaingia ndani.