Farasi Niliyemficha Miezi Minane

Mwenzangu, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa ukumbini. Mechi ya kwanza ya marudiano nimepigwa.

Kupigwa si kitu, dunia nzima ya chesi ilishasema bingwa atanifagia tena. Sikia hili sasa.

Ile hatua ya farasi niliyoificha miezi minane, leo nimeicheza. Bingwa hakufikiria hata kidogo. HATA KIDOGO! Kajibu papo hapo, kainuka kwenda kunywa maji.

Na hatua ile nilimwonyesha mtu mmoja tu, kocha wangu. Kaka yangu wa tumbo moja!!

Nikambana kwenye korido. Nilidhani atakana. Kaangalia viatu vyake, kasema, "Mdogo wangu, hata hivyo usingeshinda."

Usingeshinda! Yaani kaniuza kwa sababu alishanizika!

Sasa hivi kagonga mlango wa choo, sauti laini kama ya mama: "Yaishe basi. Kesho utafungua mchezo kwa hatua gani, tujiandae?"

Hana hata haya.

Nikafuta machozi, nikamtajia hatua zote, moja moja, kama kila siku.

Mwenzangu, tangu nizaliwe sijawahi kumdanganya kaka yangu. Leo nimeanza.