Dumu Lisilofukizwa

Jumatatu, 3 Machi
Kibuyu changu kimepasuka. Miaka thelathini! Mwanangu kaleta dumu la plastiki, lilikuwa la mafuta ya kupikia. Eti hili halivunjiki, mama. Halivunjiki, lakini halifukiziki pia — nimeingiza kijinga cha moto, moshi ulisafishe kama kibuyu, likakunjamana kama uso wake. Basi nimelisuuza tu, nikamimina masalia ya kibuyuni yawe chachu, na maziwa ya ngamia juu yake. Mabichi, kama siku zote. Yaliyochemshwa ni maji ya kunawia.

Alhamisi, 6 Machi
Mkwe wangu, mimba miezi saba, anaonja kwa ncha ya ulimi. Eti yananuka. Eti nesi wa kliniki kakataza yasiyochemshwa. Nikamuuliza, huyo nesi kazaa wangapi? Kacheka, kanywa vikombe viwili. Mimi nilipiga funda moja. Hata mimi nilisikia harufu. Sikusema.

Jumapili, 16 Machi
Ana homa. Mgongo unamuuma. Nimemwambia mimba si ugonjwa, aache kudeka.

Jumanne, 18 Machi
Si kudeka. Shuka limelowa jasho, meno yanagongana. Tumemleta hospitali. Daktari kauliza, wiki hizi mbili umekula nini, umekunywa nini? Mkwe kanitazama. Kasema uji na chai tu.
Kanifichia siri ya maziwa! Mimi niliyemsimanga tangu siku aliyoingia kwangu. Na mdomo wangu huu usiolala — leo umelala.

Jumatano, 19 Machi
Naandika kwenye benchi la wodi. Mtoto tumboni hajacheza tangu alfajiri. Mpimaji wa maabara kamwambia mwanangu, vijidudu ni vingi, bila kujua vilipoingilia tunapapasa tu, na dawa isiyo yake haisaidii. Mwanangu kanigeukia: "Mama, kweli ni uji tu?" Nikamkaripia. Mungu wangu, nikamkaripia!
Akaenda duka la dawa. Mimi nikaenda nyumbani, nikarudi. Dumu liko kapuni, chini ya kitambaa. Limevimba ubavu. Kibuyu changu hakijavimba hata siku moja.
Mpimaji katoka sasa hivi, anaita mwenye mgonjwa wa kitanda cha nne. Niko peke yangu. "Bibi, wewe ni nani yake?"
Mama yake, nimesema.
Basi ngoja hapo mama, kasema, navaa glavu nakuja kumtoa damu tena. Hajaliona kapu. Nimelisogeza mbele ya miguu yangu.
Nimefunua kitambaa.